Nikimlipa mnukuzi, nanunua nini ambacho programu hainipi?

*“Ninasoma shahada ya uzamili. Nimefanya mahojiano 24 na wauguzi wa zamu za usiku, kila moja lina saa nzima hivi. Mawili kati ya hayo ni ya vikundi vya watu sita sita, na matatu niliyafanya kwa kupiga simu. Yote niliyarekodi kwa simu yangu. Wanazungumza Kiswahili, Kiingereza kinaingia na kutoka, na wengine lafudhi zao ni nzito. Nilianza kunukuu mwenyewe, yaani kuyaandika yote yaliyosemwa kwenye rekodi, rekodi ya kwanza tu ikanimaliza siku mbili. Rafiki yangu anasema niiachie programu ya bure ya kugeuza sauti kuwa maandishi, usiku mmoja itakuwa imeshamaliza zote. Mwingine anasema nitafute mnukuzi wa kulipwa. Msimamizi wangu anasema mtafiti anayewapa wengine kazi ya kunukuu haijui data yake. Pesa ninazo kidogo, muda hata huo sina, na wauguzi niliwaahidi siri. Nikimlipa mtu, hasa ninanunua nini ambacho programu hainipi?”*

Ndugu yangu, pole kwa hizo siku mbili, ila usizihesabu kuwa uzembe. Mnukuzi mzoefu, akipewa sauti safi ya watu wawili wanaopokezana vizuri, hutumia kama saa nne kwa kila saa moja ya rekodi. Asiyezoea hutumia sita, nane, hata kumi. Kwa mahojiano yako 24, huyo mzoefu anahitaji saa 96 kwa uchache, bado hatujagusa ugumu wa vile vikundi viwili. Wala hawezi kukaa saa nane kwa siku akifanya kazi hiyo tu, kwa sababu masikio huchoka kabla ya vidole.

Barua yako ina mambo manne yaliyosukwa pamoja: muda, usahihi, siri, na lile la msimamizi wako kuhusu kuijua data. Wengi wanaoniandikia huuliza la muda peke yake. Wewe umeuliza kinachonunuliwa, nami nitaanzia hapo, maana ukishalielewa hilo mengine yanapungua uzito.

Watu hudhani kunukuu ni kuchapa: sauti inaingia sikioni, inatokea kwenye kibodi, na aliye na vidole vyepesi ndiye fundi. Ingekuwa hivyo, programu ingekuwa imeshamaliza ubishi. Lakini sehemu kubwa ya kunukuu ni kuamua. Maneno ya mazungumzo ya kawaida hayatamkwi kamili. Silabi humezwa, mtu hukohoa, kiti hukwaruza, wawili hudakiana. Masikio yetu hayatuambii kwamba kuna pengo; ubongo hulijaza kimyakimya kwa kilichotarajiwa. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren alikata sauti moja ndani ya neno lililorekodiwa, akaweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walilisikia neno zima, na hawakuweza hata kusema kikohozi kiliangukia sehemu gani. Ukiliweka hilo akilini utaona kwamba hatari ipo kwa kila anayenukuu, wewe mwenyewe ukiwemo. Wewe uliyeuliza swali ulikuwa na matarajio ya jibu, na matarajio hayo ndiyo yanayoziba mapengo.

Kwa Kiswahili hatari hii ina mahali pake maalumu pa kujificha. Ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi chenyewe, mara nyingine kwa sauti moja dhaifu. “Daktari atakuja” na “daktari hatakuja” zimetenganishwa na pumzi ya *h* tu. “Utalipwa” na “hutalipwa” vivyo hivyo. Sasa mchukue muuguzi aliyechoka, simu iko mezani umbali wa hatua moja, feni inazunguka, na msemaji mwenyewe ni wa lafudhi inayodondosha *h* au kuiongeza pasipo na haja. Kukosea hapo si kosa la tahajia. Umeandika kinyume cha alichosema mtu, na sentensi uliyoandika ni Kiswahili safi kabisa, haina dalili ya kukuonya.

Ndiyo maana tarakimu kama “usahihi wa asilimia 99” hazinitulizi. Tuseme rekodi moja ina maneno 7,000. Asilimia moja ya makosa ni maneno 70. Yakiwa 70 ya “yaani” na “eeh”, hutajuta. Yakiwa manne tu lakini yote ni “atakuja” badala ya “hatakuja”, sura yako ya matokeo imesimama juu ya hewa. Kipimo cha makosa ya maneno kinachotumiwa kupima programu hizi huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanya kwa jumla ya maneno yaliyosemwa. Hakiulizi ni neno gani lililokosewa.

Mnukuzi mzuri, basi, anakuuzia uamuzi wa mtu anayewajibika kwa kila mahali penye shaka. Anarudia sekunde tatu mara tano. Anatazama alichosema muuguzi kabla na baada. Akishindwa anaandika [haisikiki 00:41:17] na kuendelea. Akidhani amesikia lakini hana hakika, anaandika [hatalipwa?] ndani ya mabano, na wewe uliyekuwepo unakwenda kwenye dakika hiyo kuamua. Mimi nakala isiyo na mabano hata moja katika saa nzima ya mazungumzo ya kawaida hunitia wasiwasi. Ama chumba kilikuwa kimya ajabu, ama kuna mtu, au mashine, amekisia bila kusema.

Hapo ndipo programu inapoachana na mtu. Programu za siku hizi za kugeuza sauti kuwa maandishi ni kazi ya kushangaza, na sitaki uzidharau. Whisper, mojawapo ya programu hizo, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Lakini karibu theluthi mbili ya hizo ni Kiingereza, na lugha nyingine zaidi ya tisini zinagawana kilichobaki. Pia inavyofanya kazi ni kukisia mfululizo wa maneno unaoelekea zaidi kufuata, kwa kuongozwa na sauti. Sauti ikiwa wazi, kisio linalingana na kilichosemwa. Sauti ikififia, kisio linaendelea vilevile, kwa ufasaha uleule. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 na Allison Koenecke na wenzake ulikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyoipa programu hiyo vilirudi na virai au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema, na zaidi ya theluthi ya hizo zilikuwa na maudhui ya kudhuru. Hali hiyo ilijitokeza zaidi kwa wasemaji wenye vituo virefu vya ukimya. Fikiria sasa wauguzi wako. Mtu anasimulia usiku alioondokewa na mgonjwa, ananyamaza sekunde kumi na mbili. Ukimya huo ni data, pengine ndiyo data nzito kuliko zote katika mahojiano hayo. Mnukuzi ataandika [kimya, sekunde 12]. Programu huenda ikauruka kana kwamba haukuwepo, au, vibaya zaidi, ikaujaza maneno.

Kuchanganya lugha ni tatizo jingine. Whisper hukata sauti katika vipande vya sekunde 30 na kuhitaji kuambiwa, au kujikisia, inasikiliza lugha gani. Muuguzi anayesema “nikampa ile stat dose halafu nika-document” hayumo katika lugha moja. Matokeo yanaweza kuwa Kiingereza kilichoandikwa kwa sauti za Kiswahili, au Kiswahili kilichotafsiriwa kimyakimya, au kirai kizima kutoweka. Jaribu kwa dakika kumi za rekodi yako mwenyewe uone. Ni funzo zuri kuliko maelezo yangu.

Baada ya kusema hayo yote, usije ukaona kila anayejiita mnukuzi wa kitaalamu kuwa mkombozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima wanukuzi 27 wa mahakama za Philadelphia, Marekani, watu waliotakiwa kuwa na usahihi wa asilimia 95 ili kuthibitishwa. Walipewa sentensi za Kiingereza cha Wamarekani weusi, wakazinukuu sawasawa takriban sita tu katika kila kumi. Mikono ilikuwa ya kitaalamu, masikio yalikuwa ya lahaja nyingine. Kwako hili lina maana ya moja kwa moja: mnukuzi mwenye vifaa vyote, aliyekulia katika Kiswahili kisichofanana na cha wauguzi wako, anaweza kukupa kazi mbovu kuliko mwanafunzi mwenzako aliyekua akiwasikia watu wa lafudhi hiyo. Uliza lafudhi kabla ya kuuliza bei.

Sasa msimamizi wako. Nadhani ana nusu ya haki, na ni nusu yenye thamani. Mtafiti anayepokea kurasa 400 zilizochapwa, akaanza kuzipaka rangi bila kurudi kwenye sauti, kweli haijui data yake. Lakini kinachokufanya uijue ni kusikiliza. Kuchapa hakuongezi mengi, na wakati mwingine kunazuia, kwa sababu anayehangaika na herufi hasikii kejeli. Ukinukuu machache mwenyewe, halafu ukasikiliza yote yaliyobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho huku nakala ya mnukuzi iko mbele yako na kalamu mkononi, utakuwa umeyasikia mahojiano yote kwa utulivu ambao usingeupata ukiwa unakimbizana na kibodi. Kazi hiyo hula kama saa moja na nusu kwa kila saa ya sauti. Haiepukiki. Anayekuuzia huduma kwa ahadi kwamba hutahitaji kusikiliza tena anakuuzia hasara.

Kwa hali yako ningegawa rekodi, nisichague njia moja kwa zote 24. Yale matatu ya simu ningeyanukuu mwenyewe. Simu ya kawaida hupitisha sauti za masafa ya kati tu, takriban hezi 300 hadi 3,400, na nguvu kubwa ya *s* na *f* iko juu ya hapo. Mgeni atababaika, lakini wewe unakumbuka mazungumzo. Kwa kuwa kumbukumbu nayo hujaza mapengo kama nilivyosema, tumia mabano bila aibu. Ongeza moja au mawili ya ana kwa ana, uliyoyaona magumu kihisia. Hayo yatakuwa mazoezi yako, na pia yatakupa mwongozo wa kumkabidhi mnukuzi: majina ya dawa, vifupisho vya wodini, jinsi unavyotaka vicheko na vituo viandikwe.

Vile vikundi viwili mpe mnukuzi, na usisite. Watu sita wakidakiana ndio mtihani ambao programu hufeli vibaya zaidi, hasa katika kutenganisha nani kasema nini. Mrahisishie: mwandikie kila mshiriki kwa namba, pamoja na dakika na sekunde anayoanza kusema kwa mara ya kwanza, ili aijue sauti yake.

Yaliyobaki yatategemea mfuko wako. Yenye sauti safi na Kiswahili kisichochanganywa sana yanaweza kuanzia kwenye programu, mradi rasimu hiyo ipitiwe na mtu neno kwa neno dhidi ya sauti. Usidanganyike kwamba kusahihisha ni kazi nyepesi. Rasimu nzuri huokoa muda mwingi. Rasimu mbovu humchelewesha mtu kuliko ukurasa mtupu, na jicho likishasoma “atakuja” sikio hukubali kwamba limesikia “atakuja”. Kama baada ya dakika kumi unasahihisha karibu kila mstari, itupe rasimu, anza upya.

Kuhusu malipo, wengi hutoza kwa dakika ya sauti, siyo kwa ukurasa wala kwa saa ya kazi. Bei hupanda kwa wasemaji wengi, sauti chafu, haraka, alama za muda zilizo karibukaribu, na kiwango cha undani. Hapa kwenye undani ndipo watu hulipia wasichohitaji. Unukuzi kamili hubeba kila “mmh”, kila neno lililokatika, kila kurudia. Unukuzi safi huondoa vigugumizi lakini haugusi sarufi wala mpangilio wa maneno ya msemaji. Upo pia ule wa kina wa wachambuzi wa mazungumzo, wenye alama alizobuni mwenzao Gail Jefferson, ambao hupima vituo kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ikiwa unatafuta dhamira katika simulizi za wauguzi, unukuzi safi wenye vituo virefu, vicheko na kilio vilivyowekewa alama unakutosha. Ila mwambie mnukuzi asifute ovyo. “Sijui” ya Kiswahili mara nyingine ni kijazio tu (“akaja sijui nani yule”), mara nyingine ni jibu zima la swali lako. Akiwa na shaka, aiache.

Usikubali pia mtu anukuu na kutafsiri kwa mkupuo mmoja, hata kama tasnifu yako ni ya Kiingereza. Muuguzi akisema aliingia zamu saa mbili usiku, anayetafsiri huku akichapa anaweza kuandika saa mbili ya Kiingereza, na muuguzi wako anaonekana kaanza kazi saa nane ya usiku wa manane. “Alinifokea” nayo haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mtafsiri atachagua, na uchaguzi wake utaingia kwenye uchambuzi wako bila wewe kujua. Nakala ya Kiswahili iwe ya kwanza na ibaki kuwa asili. Tafsiri baadaye zile nukuu utakazozitumia tu. Hilo nalo litakupunguzia gharama.

Kabla ya kumpa mtu kazi yote, mpe kipande cha dakika kumi na umlipe. Kikate kutoka rekodi yako mbovu kuliko zote, maana kwenye nzuri kila mtu ni hodari. Wape wawili kipande kilekile. Kikirudi, acha kutazama tahajia kwanza. Nenda kwenye vitenzi vya kukanusha, namba na dozi, mahali lugha zinapobadilika, na mahali ambapo wewe mwenyewe husikii vizuri. Aliyekiri hapo kwamba hakusikia ndiye wako.

Siri nimeiacha mwisho, lakini wewe ianze. Muulize mnukuzi ni nani hasa atakayesikiliza. Baadhi ya kampuni huikata rekodi vipandevipande na kuvigawa kwa watu kadhaa ili kuharakisha. Muulize faili zitakaa wapi, zitafutwa lini, na kama atazipitisha kwenye programu yoyote ya mtandaoni. Kutumia programu kama msaada si dhambi. Kuificha ndiyo tatizo. Hati ya kutunza siri isainiwe kabla ya sauti kutoka mikononi mwako. Na tafadhali usione programu ya bure kama mahali pa siri kwa vile tu hakuna binadamu unayemwona. Kupakia rekodi kwenye tovuti ni kumkabidhi mtu mwingine, chini ya masharti ambayo pengine hujayasoma. Zipo programu, Whisper ikiwa mojawapo, zinazoweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti. Ukitaka rasimu ya mashine, tumia njia hiyo.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Itoe fomu ya ridhaa waliyosaini wauguzi uisome upya. Ikiwa inasema mtafiti peke yake ndiye atakayesikiliza, huna ruhusa ya kumpa mnukuzi wala kupakia popote, hata kwa nia njema. Nenda kwa kamati ya maadili ya chuo chako, ana kwa ana, uombe marekebisho; huenda wakakutaka urudi kwa wahojiwa. Fanya hivyo hivyo kama kuna rekodi ambamo muuguzi ametaja mgonjwa kwa jina, au ameeleza kosa la kitabibu linaloweza kufika mahakamani. Hiyo iweke kando, isiende kwa mtu yeyote mpaka umezungumza na msimamizi wako na kamati.

Na kama kusikiliza simulizi za vifo kumeanza kukukosesha usingizi, tafuta mshauri nasaha. Mnukuzi wako naye mwambie mapema rekodi zipi zina nini, achague kuzikubali au kuzikataa kabla hajavaa visikilizi.

Msimamizi mpelekee ile rekodi uliyoimaliza kwa siku mbili, ikiwa na mabano yake yote, pamoja na zile nakala mbili za kipande cha majaribio. Mzungumze mkiwa navyo mezani.